Jicho Lililofunga Ramadhani

Majina ya wote nitakaowataja ninayo kichwani, hata la aliyenipima macho. Siyaandiki, maana wengine bado tunapakana mashamba.

Jicho langu la kushoto lilikufa kwa adabu. Halikuuma, halikutoa tongotongo, halikumsumbua mtu. Nilijua siku kibanzi cha kuni kiliponiingia la kulia. Nikalifumba, na dunia nzima ikazimika saa nne asubuhi. Hospitali wakasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda hilo moja lililobaki. Nikashukuru. Dawa ya maisha isiyoponya, maendeleo hayo.

Mwanzo zilikuwa chupa mbili, na katikati usubiri umefumba macho kama mtu mwenye mawazo makubwa. Kisha likaja soko huria. Maduka ambayo zamani yalikuwa na viberiti na mtu wa kusema "hakuna" yakajaa kila kitu, na pale Lushoto mjini likafunguliwa duka la dawa, ubavuni mwa mitumba. Huko nikapata dawa zangu mbili ndani ya kichupa kimoja, tone asubuhi, tone jioni. Miaka ile hata dawa ziliingia ubia.

Kasoro yake uchungu. Unadondoshea jichoni, mara unausikia kooni kama umelamba shubiri.

Ramadhani ikaingia. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, tunatumia naye ua mmoja. Asubuhi akanikuta nimeinua uso, nadondosha.

"Wifi, umefunga au unakunywa kwa jicho?"

"Shikamoo, wifi. Ni tone tu."

"Marahaba. Uchungu wake unausikia wapi?"

"Kooni."

"Basi umekula. Endelea tu, ya peponi tutakusimulia."

Nikamwuliza sheikh wa msikiti wetu. Akasema jicho si mdomo, tia dawa yako. Lakini sheikh alikuwa amesoma tu. Wifi alikuwa na uhakika. Nikakiweka kichupa rafuni, juu ya masufuria, mwezi mzima. Alfajiri nilikula daku chini yake, magharibi nikafuturu uji chini yake, na mimi na wifi tukaonana wacha Mungu sana.

Idi ilipopita nikarudi kliniki. Muuguzi akapima, akarudia kupima, akauliza kama dawa natia. Nikamweleza habari ya swaumu.

"Bibi, daku ulikuwa unakula?"

"Kila siku, mwanangu."

"Na futari?"

"Sikukosa hata moja."

"Sasa hizo si ndizo saa zenyewe za dawa? Ungetia kabla ya adhana ya alfajiri na baada ya ile ya magharibi. Nani angeidai swaumu yako?"

Wanawake wawili tuliofunga tangu utotoni, na hakuna aliyeliwaza hilo. Wifi alikuwa hodari wa yanayobatilisha, yanayowezekana hakuyasomea.

Ramadhani zilizofuata nilitia dawa kabla sijagusa daku. Lakini ule mwezi mmoja ulikuwa umekwishalimega jicho pembeni. Sasa naona mbele tu, kama anayechungulia tundu la mwanzi. Wifi akanishtaki kwa ukoo mzima kwamba nampita uani bila shikamoo. Nikamwambia akiitaka asimame mbele yangu kabisa. Akikaa ubavuni, anisamehe, hayupo.