Sita kwa Ravu

Kuna watu wanaosamehe haraka, halafu kuna Moureen Nyanchoka.

Huyu dada alitoka upande wa Keroka akaja Kericho kuuza miwani, katika duka la chumba kimoja lenye ule ubao wa herufi, E kubwa juu na chini herufi ndogo za kuwatesa wazee. Alihamia na sanduku la nguo, jiko la gesi na raketi mbili za tenisi. Mwenye nyumba alipoziona raketi akauliza kama ni zile za kuua mbu.

Kwao hakuna mashindano ya wikendi yaliyompita tangu sekondari. Kericho alikuwa mgeni. Alitafuta mashindano kwa simu, simu ikamwonyesha Nairobi. Akauliza kwa duka la vifaa vya michezo, akapelekwa kwa meza ya pingipongi. Akaambiwa Silibwet kuna tenisi moto sana. Kufika huko, ni vijana wanacheza voliboli, wavu umefungwa kwa mkaratusi.

"Si wavu ni wavu?" wakamwambia.

Mwishowe alielekezwa kwa klabu moja ya zamani, kule juu katikati ya chai, yenye korti mbili za udongo mwekundu. Kapteni wake alikuwa Benard, bwana wa kitambaa kichwani na soksi nyeupe kuliko dhamiri yake. Wakaanza kucheza kidogo, kupimana. Moureen akachukua pointi ya kwanza, akataja:

"Fiftini-ravu."

Hiyo "lavu" ndiyo sifuri ya tenisi. Na ulimi wa Kisii na herufi L hawajawahi kusalimiana vizuri.

"Rafu?" Benard alishusha raketi, akageukia wenzake waliokuwa barazani na chai yao. "Mmesikia? Madam, hapa hatuchezi rafu. Rafu mchezee kwenu."

Baraza lote likacheka. Moureen akavumilia, kwa sababu alikuwa na shida yake, akauliza kama kuna mashindano karibuni.

"Kuna kubwa, Ijumaa," Benard akasema, uso mkavu kama mchungaji. "Enda korti ya Bomet, saa tatu. Na uvae nyeupe, wale ni wakali sana na mambo ya mavazi."

Ijumaa Moureen akaomba ruhusa kazini. Akashuka Bomet na sketi nyeupe, raketi mgongoni, akauliza korti iko wapi. Akaonyeshwa mara moja, korti ni korti. Getini palikuwa na askari, na ndani watu wamejaa kwa mabenchi na nyuso za kesi za mipaka ya mashamba. Askari akamkagua kutoka viatu hadi raketi.

"Kesi yako ni gani, dada?"

"Nimekuja mashindano."

"Hapa kila mtu amekuja mashindano. Hiyo silaha iache kwa geti."

Hapo ndipo akaelewa. Alikuwa bado barabarani simu ikalia: Benard, na nyuma yake kile kicheko cha baraza. "Madam, umeshinda ama umefungwa?"

Moureen akakata simu. Hasira yake aliitunza kama mursik, yale maziwa ya kugandisha: akaimimina kwa kibuyu, akaifunika, akaiacha ikomae. Kila jioni mvua ikikatika alienda kupiga mpira kwa ukuta wa kituo cha kupimia majani chai, na kila tofali lilikuwa na uso wa Benard. Hakutaka tu kumshinda. Alitaka kumshinda mbele ya watu, bila kumwachia hata gemu moja ya kujifunika.

Basi siku moja akaingia dukani Mwalimu Tecla, mwalimu mstaafu wa Litein, kutafuta miwani. Alikuwa amechoka kupoteza mipira kwa ua wa watu. Akaona raketi nyuma ya kaunta.

"Msichana wangu, hizo ni za mbu?"

"Ni za mtu mmoja, mwalimu."

Tecla akacheka hadi akakaa. Ndipo akamwambia siri ya nchi hii: tenisi huku haitangazwi popote, inapitia midomo. Na mdomo wenyewe ulikuwa wake. Kila mwaka yeye huandaa mashindano ya wazi kwa korti ya shule fulani Litein, wanaume na wanawake kwa chungu kimoja, maana wachezaji ni wachache.

"Na Benard wa klabu huja?"

"Huyo? Ndiye bingwa. Mwaka jana alinitoa kwa kupiga kelele auti, auti. Na mimi bila miwani ningebisha nikiona nini?"

"Niweke na yeye, mwalimu."

"Majina mimi huchagua kwa kofia," Tecla akasema, akijaribu fremu mbele ya kioo. "Lakini kofia ni yangu."

Siku ikafika. Litein ilikuja kutazama, hata wanaboda walizima pikipiki nje ya uzio. Tecla alikaa kwa kiti cha refa na miwani mpya.

"Karibu kortini, madam!" Benard akapaza sauti. "Leo askari ameruhusu silaha?"

Watu wakacheka, maana kisa cha Bomet kilikuwa kimeshafika Litein kwa midomo. Kicheko hicho Benard angekiweka kwa friji, maana hakupata kingine.

Jamaa alikuwa na nguvu, lakini nguvu za mbele na nyuma tu, kama jembe. Moureen akampa mpira mfupi, akaja akihema. Akampa mrefu juu ya kichwa, akarudi akihema zaidi. Akamzungusha kama mbuzi kwa kamba.

"Auti!" Benard akapiga kelele.

"Ndani," Tecla akasema. "Siku hizi naona."

Ilipofika gemu tano kwa ravu, imebaki moja tu, Benard akaanguka karibu na wavu, ameshika mguu.

"Koti! Koti yangu! Koti inaniuma!"

Alimaanisha goti. Kwa Kipsigis kilicho mdomoni mwake, goti, koti na korti hulala kitanda kimoja. Moureen akatembea polepole mpaka wavuni, akainama.

"Koti gani, Kapteni? Ile ya Bomet?"

Uzio karibu uanguke. Jamaa mmoja, Mathew muuza mahindi choma, alijifuta machozi kwa maganda.

"Mwalimu," Benard akalalamika, "andika nimetoka kwa sababu ya kuumia."

Moureen aliona mlango unaotaka kufunguliwa. Kesho klabuni ingekuwa: nilikuwa naanza tu kupata moto, goti likanisaliti.

"Mwalimu, mimi sitaki ushindi wa goti," akasema, kwa sauti ya kufika sokoni. "Mshtakiwa akiugua, korti haifuti kesi. Inaahirisha. Turudi Jumamosi ijayo, tuendelee kutoka tano. Akiwa bado mgonjwa, ile nyingine. Mimi sina haraka."

"Na sisi tutakuja!" Mathew akaitikia. "Hata na watoto!"

Benard akapiga hesabu ya wiki nzima ya midomo ya Litein. Akasimama. Goti lilipona kwa muujiza ambao mikutano mingi ya injili ingeuonea wivu.

Moureen hakukimbilia kumaliza. Kila pointi aliitaja kabla ya kuanzisha, taratibu.

"Fiftini-ravu."

"Thati-ravu," uzio ukamsaidia.

"Foti-ravu!" Litein yote.

Mpira wa mwisho aliudondosha tu nyuma ya wavu. Benard aliutazama kama mtu anayeona mvua ikinyeshea mahindi aliyoanika.

Tecla akasimama kwa kiti. Yeye L anaiweza tangu utotoni. "Sita," akatangaza, "kwa ravu."

Benard akanyoosha mkono. "Madam, ile ya Bomet ilikuwa mzaha tu."

"Najua. Ndiyo nacheka leo." Akaushika mkono, akaukaza. "Uje duka nikupime macho, hizo auti zako zinanitia wasiwasi. Hiyo ya koti, tafuta fundi cherehani."

Wiki iliyofuata klabu ilimtumia ujumbe wa heshima: tafadhali akubali kuwachezea, waje wamchukue wapi?

Moureen akajibu kwa upole kabisa. Ijumaa, saa tatu, korti ya Bomet. Na wavae nyeupe.