Mkwe Yuko Barabarani

Mbalizi kuna watu wengi wanaojua kuendesha gari, na wachache sana wanaojua kumfundisha mwenzao kuendesha. Hayo ni mambo mawili. Mtu mpole kabisa, mketishe kiti cha pembeni, atageuka mbogo: mwanafunzi akizima gari mara ya kwanza ataitwa mzembe, akizima mara ya pili ataulizwa kama kwao kuna akili. Mwalimu Juliana hakuwa wa namna hiyo. Gari likizimika alisema tu, "Limesinzia, tuliamshe," na mwanafunzi akacheka, na ule mguu uliokuwa unatetemeka juu ya klachi ukatulia wenyewe.

Juliana ni Mhehe wa Mafinga. Alianza kama utingo kwenye malori ya mbao, enzi ambazo msichana akionekana juu ya shehena watu waliacha kazi zao kumshangaa. Aliwaacha washangae. Akajifunza, akashika usukani mwenyewe, akawa anateremka mlima mkali wa Kitonga na mzigo mgongoni wakati wanaume wengine wanapiga ishara ya msalaba. Mgongo ulipoanza kumsumbua hakukaa chini kulia. Alimfuata dada yake Mbalizi, akanunua Korola kuukuu, akaifunga breki ya pili upande wa mwalimu, akapachika vibao vya L mbele na nyuma, akaanza shule. Shule yenyewe ilikuwa hilo gari. Watoto wake walikula kutokana na hilo gari.

Ndiyo maana alilikatia bima kubwa, tena ile inayomhusu na mwanafunzi. Wenye shule wenzake walimcheka. Wao walikata ile ndogo, ya kumlipa mwingine utakayemgonga, ili trafiki wasiwasumbue, basi. "Mwanafunzi hagongi vya wenzake tu," Juliana aliwajibu, "anagonga na changu." Masharti ya bima hiyo aliyashika kama katekisimu: mwanafunzi awe na leseni yake ya kujifunzia, na mwalimu awe ameketi pembeni yake. Bila hayo hakuna aliyegusa ufunguo, hata angekuwa shemeji wa diwani.

Akaja Eveline. Huyu alikuwa mchuuzi wa viazi, anavitoa Umalila na kuviuza Mbalizi. Mumewe, Yotamu, alifanya kazi Tunduma na alirudi nyumbani mara mojamoja. Walikuwa wamenunua kirikuu cha kubebea mzigo, lakini kila dereva waliyemwajiri alikuwa na shangazi anayeugua siku ya gulio. Eveline akachoka na mashangazi wa watu, akaamua kujifunza mwenyewe. Alikuwa mwepesi kushika mambo, na Juliana alimpenda upesi.

Tatizo lilikuwa moja. Eveline ni Mnyakyusa, na ameolewa kwenye nyumba ya Wanyakyusa iliyoshika mila. Wengi siku hizi wameziacha. Nyumba ile bado. Pale, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe, hapiti mbele yake, wala halitaji jina lake. Akimwona anakuja njiani, yeye anaiacha njia na kujificha mpaka mzee apite. Baba mkwe wake, Mzee Bartolomeo, alikuwa kiongozi wa kigango na mtu wa utani na watu, lakini kwa mkwewe hakuwa na utani. Ukwe ni ukwe. Na kwa mtu wa miguu, hilo si kazi kubwa, maana migomba ipo na kuta zipo. Ndani ya gari utajificha wapi?

Eveline alipata pa kujificha asubuhi moja, kwenye barabara ya vumbi ya kuelekea Umalila. Mzee Bartolomeo alichomoza kwenye kichochoro na jembe begani. Eveline hakuwaza. Alizama chini ya usukani, kanga kichwani, na katika kuzama huko mguu ukakandamiza mafuta. Juliana alikanyaga breki yake na kuuwahi usukani, lakini rundo la matofali la jirani lilikuwa karibu zaidi. Matofali yakamiminika juu ya boneti. Vumbi lilipotulia, hakuna aliyeumia, na Eveline alikuwa bado kule chini.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ndogo, "ameshapita?"

Juliana alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini hasira ilikosa pa kukaa. Alicheka mpaka mgongo ukamuuma. Kisha akashuka, akaliona gari lake kwa mbele, na kicheko kikaishia hapo. Bampa lilikuwa chini, taa zimepasuka, boneti imejikunja. Injini iliwaka, ndiyo, lakini gari lenye uso ule hakuna trafiki ambaye angeliachia libebe wanafunzi. Gharama aliyoitaja fundi ilikuwa nje kabisa ya uwezo wake. Bima isipolipa, shule imekufa.

Jioni majirani walijaa kumpa pole, na ushauri ukaja pamoja na pole.

"Sema ng'ombe alikatiza," alisema mmoja wa wenye shule. "Ng'ombe haitwi kutoa ushahidi."

"Ng'ombe hakuwepo," alisema Juliana. "Aliyekuwepo ni mkwe."

Wakamwona mkaidi. Na kweli, ukaidi anao, ila ni ule ambao natamani wengi wetu tungekuwa nao.

Mkaguzi wa kampuni ya bima aliitwa Peter, kijana wa Musoma, mwenye adabu na viatu visivyopenda vumbi. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, kisha akakuna kichwa.

"Mama, barabara imenyooka, mchana kweupe, gari lina breki mbili. Unaniambia mtu mzima alijificha chini ya usukani kwa sababu baba mkwe anapita. Nikiandika hivyo, ofisini watasema nimelewa. Wao watajua moja tu, kwamba mwanafunzi alikuwa peke yake na wewe hukuwepo. Hapo hakuna malipo." Akamgeukia Eveline. "Nani aliwaona?"

Eveline alitazama chini. Aliyewaona alikuwa mmoja tu, na jina lake lisingeweza kutoka kinywani mwake. Peter akauona ule ukimya kama wa mtu anayeficha jambo. Juliana ndiye aliyelitaja jina.

"Huyo ni wa familia, atasema lolote la kuwasaidia," alisema Peter, bila ubaya. "Tufanye hivi. Kesho aendeshe palepale, polepole, na mzee apite. Nikimwona anainama kwa macho yangu, nitaandika."

Juliana alikwenda mwenyewe kwa Mzee Bartolomeo, akampa shikamoo, akamweleza. Mzee alimsikiliza huku akibandua majani kwenye jembe. "Ndaga, asante, mwanangu," alisema. "Nitapita."

Kesho yake Peter aliketi kiti cha nyuma, Eveline kwenye usukani, Juliana pembeni na mguu wake juu ya breki. Kazi ilikuwa rahisi mno. Gari liende taratibu, mzee atokee, Eveline ainame, Juliana afunge breki, na bima ilipe. Hata uongo usingekuwepo ndani yake. Walipokaribia kile kichochoro Eveline alinong'ona, "Mwalimu, niiname?"

Hapo ndipo Juliana alipoona kilichokuwa kinaombwa. Eveline akiinama leo, tena kwa baraka za mwalimu wake, ataendelea kuinama. Iko siku atakuwa na kirikuu kimejaa viazi, mwalimu hayupo, breki ya pili haipo, na mbele yake si matofali bali ni watoto wanaotoka shule. Aliitazama boneti iliyojikunja, riziki yake yote, na moyo ukamuuma sana.

"Usiiname," alisema. "Macho mbele. Hata akija malaika, macho mbele."

"Mama!" Peter aliruka kule nyuma. "Ukimwambia hivyo mimi nitaona nini?"

"Hutaona kitu, baba. Mimi ni mwalimu wake."

Mzee Bartolomeo akatokea. Machozi yalimtiririka Eveline, shingo ikataka kukunjika yenyewe kama ilivyozoea tangu siku aliyoolewa. Haikukunjika. Mikono ilibaki kwenye usukani, macho yalibaki wazi barabarani.

Mzee aliliona gari. Aliona kuwa kichwa kile cha nyuma ya kioo leo hakishuki. Akasimama. Watu waliokuwa mlangoni kwa jirani walidhani sasa atawaka. Mzee akatua jembe lake, akaipa barabara mgongo, akateremka mtaroni, akavuta koti lake kichwani, akasimama amelielekea shamba la mahindi. Mzee yule ambaye njia nzima humpisha, alijificha. Eveline akapita kwa gia ya pili, gari limenyooka, akasimama mbele kidogo.

Peter alishuka, akarudi kwa miguu hadi ukingo wa mtaro.

"Shikamoo, mzee. Mbona umejifunika?"

"Marahaba." Sauti ilitoka ndani ya koti; mzee hakugeuka. "Siku ile alijificha yeye, akaumiza gari la watu. Yeye ameshika usukani, hawezi kujificha. Mimi nina miguu."

Peter akarudi garini na kufunga mlango taratibu.

"Nimeona, mama," alisema. "Gari litatengenezwa."

Juliana alikuwa analia waziwazi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kumfundisha Eveline, alikuwa ameutoa mguu wake kwenye breki.