Mkebe wa Thamostati

Mbuthia alikuwa fundi wa magari pale Dagoretti Corner, na alichojivunia ni kwamba yeye habahatishi. Mafundi wenzake, likija gari linalokunywa mafuta na taa ya injini imewaka, walibadilisha sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa injini, kwanza, kufikiri baadaye. Mbuthia alipima. Watu wa Mutuini walipita gereji tano njiani ili wafike kwake, kwa sababu Mwalimu Wanjugu, mama wa huko huko, alikuwa amewaambia kanisani kwamba huyu hadanganyi.

Jumamosi moja mwaka 2007 Mwalimu mwenyewe alikuja na gari lake dogo jeupe.

"Karanja anasema sensa imekufa," alisema, akielekeza kidevu kwenye kibanda cha jirani. "Ako na ingine ya Japani. Lakini nikasema wewe uangalie kwanza."

Mbuthia aliwasha injini, akaiacha ingurume robo saa nzima, kisha akachomeka sindano ya mita kwenye waya wa sensa. Sensa nzima haitulii. Namba hupanda karibu volti moja, hushuka karibu sifuri, hupanda tena, kwa kuwa injini hujirekebisha kila mara. Hii ilikuwa imeganda juu, sifuri nukta tisa.

"Si nilisema?" Karanja alicheka, alikuwa amekuja kuchungulia. "Hiyo ni maiti."

Mbuthia alichomoa mpira mdogo wa hewa ubavuni mwa injini, hewa ya ziada ikaingia. Namba ikaanguka papo hapo. Alipourudisha, ikapanda. Basi sensa ilikuwa hai, na ilikuwa ikisema ukweli: injini inapewa petroli nyingi mno. Karanja akaondoka kana kwamba ameitwa mahali.

Ikabaki kujua kwa nini. Mbuthia aliangalia mshale wa joto. Muda wote huo ulikuwa bado umelala chini, na injini baridi hupewa mafuta ya ziada. Akashika bomba la rejeta, akahisi maji yakipita humo ilhali injini bado ni baridi. Thamostati haikuwemo, kile kifuniko kidogo kinachozuia maji mpaka injini ipate moto. Na aliyeitoa ni yeye, miaka miwili nyuma, gari hili lilipochemka. Aliyemfundisha kazi alizitoa zote, akisema ni za nchi za theluji, na Mbuthia akaendelea kuzitoa bila kupima hata moja. Yeye wa kupima!

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Angeweza kusema ni plagi, na Mwalimu asingejua kamwe. Lakini jina lake lote pale lilisimama juu ya neno la mama huyu.

"Mwalimu, makosa ni yangu," alisema, akamweleza yote. Kisha akamletea mkebe wa mafuta ya kupikia alimokuwa akizitupa hizo thamostati.

Wanjugu alichungulia ndani. "Hizi zote ni za watu?"

"Ndio."

"Za Mutuini ni ngapi?"

"Karibu zote."

Mbuthia akamfungia thamostati mpya. Mshale ukapanda, na namba kwenye mita zikaanza kucheza. Mwalimu akawasha gari akaondoka, na Mbuthia akajua kwamba wateja wa Mutuini wamekwisha.

Jumatatu asubuhi alikuta magari saba yamepanga foleni mbele ya kibanda. Akajikaza, atukanwe yaishe. Wa kwanza alikuwa Mzee Mungai, mwenye ng'ombe wa maziwa, na alikuwa ameshafungua boneti.

"Mwalimu alisimama jana kanisani," mzee alisema. "Akasema ulitoa kitu kwa gari zetu, na ni wewe mwenyewe umesema."

"Ni kweli, mzee."

"Basi turudishie. Kama ni mwingine, saa hii tungekuwa tunauziwa sensa."

Mbuthia alimwagiza Ciru, muuza chai wa hapo, sufuria ya maji yanayochemka, akaumimina mkebe juu ya gunia, akaanza kuzitumbukiza moja moja, aone zipi bado zinafunguka zikipata moto.