Jengo Lisilohitaji Kiyoyozi

Lile jengo nililichukia kabla halijapakwa rangi. Kwa Sumbawanga, ghorofa sita ndiyo mbingu yenyewe, na mwenye nalo, mzee mmoja mfanyabiashara wa mahindi, alijigamba kila kona kwamba ni jengo la kijani kama yale marefu ya Dar: linajipoza lenyewe, halihitaji kiyoyozi. Kiyoyozi! Nani Ufipa, kwenye baridi hii ya milimani, aliwahi kulilia kiyoyozi?

Mimi na dada yangu tulipanga chumba cha ushonaji ghorofa ya nne. Kwenye madirisha waliweka vibao vya saruji vilivyoachana, havifungiki, ili upepo upite. Basi mwezi Juni upepo ukapita kweli. Uliingia na vumbi, ukatoka na joto letu lote. Wapangaji wenzetu waliwasha majiko ya mkaa chini ya meza, korido ikanuka kama jiko la msibani. Huko ndiko kutunza mazingira! Sisi hatukuthubutu kuwasha, maana dada ana pumu tangu utotoni. Alishona sare za shule amejifunga vitenge viwili, midomo imepauka, na kila wiki kifua kilizidi kumbana. Niliogopa ningempoteza pale pale kwenye cherehani.

Nikaleta salfeti tupu za mahindi, nikaziba nazo zile nafasi zote, nikazifunga kwa kamba.

Mzee alipanda mwenyewe, pamoja na msanifu wake kutoka Dar, aliyevaa koti zito lililofungwa hadi kidevuni.

"Toa hayo masalfeti. Jengo lazima lipumue."

"Mzee, dada yangu ndiye hapumui!"

"Upepo ndiyo roho ya ubunifu huu," msanifu akasema, mikono mfukoni.

"Vua koti basi, kaka, uufaidi."

Hakuvua. Mzee akaniambia kama baridi imetushinda tuondoke, wapangaji wapo tele.

Tuliondoka Jumamosi. Nilitangulia kuteremsha cherehani, kisha nikamrudia dada, naye akashuka akipumzika kila ngazi inapokata kona. Chini mlangoni mzee alisimama na wageni. Dada akashika ukuta, akamwinamia.

"Shika... moo, mzee."

Neno moja lilimmaliza pumzi mbili. Mzee hakugeuka, alikuwa akiwaonyesha wageni upepo unavyopanda juu. Mimi pumzi ninazo, na shikamoo yangu hajaipata mpaka leo.