Kiingereza Chote cha Mama

Juzi, kwenye ghorofa nne nilizojenga Mwihoko bila cheti chochote cha shule, mpangaji anayetetemeka kwa homa alinijibu salamu: “Fine, landlord.” Nikamkumbuka mama, mchuma kahawa wa Ruiru. Kiingereza chake chote kilikuwa neno hilo. Chai tamu, fine. Goti likiuma, fine.

Alasiri moja nikiwa mtoto, nilimsindikiza kliniki iliyonuka dawa ya sakafu. Tumbo lilikuwa limemtesa mama wiki nzima.

“How are you, mum?” daktari aliuliza.

Mama alikaza leso, akanyooka kama mbele ya chifu. “Fine!”

Tukapewa Panadol. Nje nilimwambia mama kwa fahari, “Maitu, umemshinda yule mama aliyetutangulia, aliyemlilia daktari kwa Kikuyu.”

Yule alilazwa, akapona. Mama tulimzika kabla kahawa haijaiva.