Mikuki Mlangoni mwa Wodi ya Wazazi

Asubuhi ile nilianza na mgonjwa wa masikio. Kitoto cha miezi minane kilikuwa kimelia usiku kucha, mama yake amekipakata, bibi yake kando akisubiri kupimwa presha. Watu hudhani daktari wa familia ni daktari ambaye hakumudu kubobea kwenye kitu kimoja, na nimechoka kubishana nao. Huyo mama nilimzalisha mimi, huyo bibi namtibu mimi, na babu yao alipokata roho, mkono uliomfumba macho ulikuwa wangu.

Kijiji sitakitaja. Kiko Hanang, mahali mashamba ya mahindi na mbaazi yanapokutana na malisho, na kituo chetu cha afya kilijengwa hapohapo mpakani. Wakulima walishuka kutoka juu, wafugaji wakapanda kutoka bondeni, wakakaa benchi moja. Vijana wa pande zote waliniamkia shikamoo, hata wale niliowahi kuwabana kwa nguvu ili wachomwe sindano.

Mwaka ule mvua ilikata mapema. Ng'ombe wakaingia mashambani, wakakamatwa, kisha mtu akapigwa kisimani. Tulisema yatapita. Wagonjwa waliendelea kuja, ila benchi moja hawakukaa tena. Wengine walisimama juani hadi waitwe. Hilo lilininyima raha kuliko maneno. Nilikuwa nachungulia dirishani kila mara, hadi Theresia, muuguzi wangu, akanitania kwamba natazama nje kama mtu aliyealika wageni akasahau kupika.

Asubuhi ile ya kitoto cha masikio, akafika Mama Neema, mkulima wa juu, uchungu umeshakaza. Mumewe, Slaa, alimfikisha getini akageuka mbio, maana yowe lilikuwa limepigwa mashambani. Nilimwona mgongo tu, mkuki begani. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mkali kwelikweli. Nilicheka kwa furaha, na hofu ikanitoka kidogo.

Kisha mayowe yakasogea.

Mlango wa mbele ukasukumwa. Aliyeingia alikuwa Gidamuhale, kijana wa bondeni, ameshika tumbo kwa shuka. Alikuwa amekatwa panga. Kijana huyo nilimtibu kifua alipokuwa mwanafunzi, na mkewe alikuwa akija kliniki kwa mimba yao ya kwanza.

"Wanakuja," alisema.

Mlango mmoja tu pale kituoni ulikuwa na komeo, wa wodi ya wazazi. Mama Neema alikuwa humo. Alituona tumesimama tunababaika, akaitazama damu.

"Mwingizeni hapa."

"Mama Neema, wanaokuja ni watu wenu."

"Ndiyo maana, daktari. Hapa hawaingii."

Alijua anachosema. Pale kijijini, alipo mama aliyetoka kujifungua hapaingii mtu na silaha, na habari ya kifo haitamkwi mbele yake. Wanasema maziwa hukauka na mtoto akafuata. Vijana waliosoma wanalicheka jambo hilo, ila sijamwona hata mmoja akilivunja.

Tukamlaza kijana sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Theresia akagandamiza kidonda.

Wakafika.

Nilitoka nikasimama mlangoni, mikono imelowa damu. Wote nilikuwa nawajua. Mbele alikuwa Mzee Tluway, kaka yake Slaa, ambaye presha yake nilihangaika nayo miaka yote.

"Tupe huyo mtu, daktari."

"Humu kuna mzazi. Amejifungua leo."

"Nani?"

"Mke wa Slaa."

Mikuki ikashuka. Mzee Tluway akanivuta kando na kuninong'oneza, "Slaa ameuawa. Wamemchoma mkuki."

"Ni huyu aliyemuua?"

"Alikuwa na wenzake. Hatujui ni nani kati yao."

Sauti ikatoka ndani. "Shemeji, ni wewe? Baba Neema yuko wapi? Mwambie ni msichana!"

Mzee aliugeukia mlango. Nimewapa watu wengi majibu mabaya. Uso kama ule sijauona tena.

"Yuko nyuma, shemeji," akasema. "Hongera. Pumzika."

Walirudi nyuma hadi kwenye ua, wakaegemeza mikuki, wakasubiri hapo.

Nami nikarudi ndani nikapiga magoti. Nilikuwa najua Slaa amekufa, na nilitakiwa kushona mbele ya mkewe. Mama Neema aliongea muda wote. Alimuuliza kijana kama ana mtoto. Alimsogezea kikombe chake cha uji, nikamzuia kwa sababu ya tumbo. Gidamuhale alikuwa amefumba macho. Kama alisikia ule mnong'ono wa nje, hakuonyesha. Hatimaye gari la polisi likaja, likatupeleka mimi na kijana hospitali ya Katesh.

Mama Neema aliambiwa baadaye, nyumbani kwa shemeji yake. Aliporudi kituoni alikuja bila mtoto, akakataa kukaa.

"Ulikuwa unajua, daktari?"

"Nilijua."

"Wakati namsogezea uji?"

"Ndiyo."

"Nawe ungemtoa, kama ningekuambia umtoe?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa polepole. Hakunilaani, pengine ingekuwa nafuu. "Umefanya kazi yako," alisema. "Lakini mimi nikikuona, namwona Slaa anakimbia." Akahamia kwa wazazi wake, upande wa Dongobesh.

Leo pande zote zinakuja tena, na benchi limeanza kujaa. Gidamuhale ana watoto watatu. Wote nimewazalisha mimi, mdogo ameshaanza kujifunza kuniamkia. Akija na maumivu ya tumbo nalipapasa kovu lake, na nataka kumuuliza kama ni yeye aliyemchoma Slaa. Simuulizi. Siku hiyo silali vizuri, naamka, nazunguka nyumba, narudi kitandani bila jibu.

Ningerudishwa pale mlangoni, ningefanya vilevile. Hilo sina shaka nalo, na bado halinitulizi. Msichana wa Slaa atakuwa shuleni sasa. Nilikuwa mtu wa kwanza kumshika. Sijui akiugua huugua nini, wala ni nani anayemtibu.