Baba na Besi ya Nyuzi Tano

Watu wakisikia napenda muziki mzito, ule wa magitaa yanayonguruma na ngoma zinazokung'utwa mpaka madirisha yanalia, huniuliza mambo mawili. La kwanza, kama nimeacha dini. La pili, kama bado nasikia vizuri. Nimechoka kujibu. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Garsen, nachanja ng'ombe, naswali, na masikio yangu ni mazima. Muziki huu naupenda kwa sababu unanituliza. Asiyeelewa na tusisumbuane.

Ninachopiga ni besi, gitaa la sauti za chini. Kwa miaka mingi nilikuwa na moja ya nyuzi nne, ya bei nafuu, niliyoinunua kwa mwanafunzi mwenzangu chuoni. Shingo yake ilikuwa imepinda na kitufe kimoja nilikibadilisha kwa kizibo cha chupa ya dawa ya minyoo. Lakini muziki mzito wa kweli unataka uzi wa tano, ule mnene unaoshuka chini kabisa, ambao unausikia kifuani kabla haujafika sikioni. Mimi nilikuwa nikiulegeza uzi wa nne ili ushuke hadi huko, nao unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa kujidanganya, na nilijua.

Basi siku moja, kwenye kundi letu la WhatsApp la wapigaji wa muziki huu, ambao karibu wote wako Nairobi, pakawekwa picha ya besi inauzwa. Nyuzi tano. Ilichongwa kwa mkono na fundi mmoja wa kaskazini mwa Ulaya, mzee anayetengeneza chache tu kwa mwaka na kisha anapumzika. Shingo yake ni ubao mmoja unaopita moja kwa moja hadi mwisho wa kiwiliwili, haukuungwa popote. Kazi ya mikono ile nilikuwa nimeiona kwenye video tu, mikononi mwa watu ambao sitakutana nao maishani. Nikateremka kusoma mahali ilipo. Kulesa. Nikasoma tena. Kulesa hii yetu ya migomba, ambako wiki iliyopita tu nilikuwa nimekwenda kutibu mbuzi wa kuhara.

Nilipiga simu papo hapo. Mwenyewe alikuwa Mpokomo aliyekwenda kufanya kazi huko huko Ulaya akiwa kijana, akapiga katika bendi kwa miaka mingi, na sasa amerudi kulima shamba la mama yake. Vidole vyake vimeshikwa na baridi yabisi, haviwezi tena kukandamiza nyuzi. Aliniambia kuna vijana wawili wa Nairobi wameulizia na watakuja Jumamosi, lakini yeye hauzi kwa simu. Anataka kuona mtu na mikono yake.

Niliitaka besi ile mpaka chakula kikawa hakinipiti. Nasema ukweli. Nina umri wa kutosha kuona aibu, na sikuona.

Ili kuipata ilibidi niuze fahali wangu wawili waliokuwa katika kundi la baba. Kwetu Waorma baba tunamwita Aba. Aba alikuwa dalali katika soko la mifugo la Garsen mpaka magoti yalipomkataa, na katika familia yetu hakuna kitu kikubwa kinachonunuliwa bila jicho lake. Pikipiki yangu aliikagua yeye. Aliinama akatazama moshi wake kama anavyotazama kinyesi cha ndama. Nikamweleza kuhusu fahali.

"Ng'ombe mbili inageuka gitaa," alisema. "Basi mimi nataka kuona hiyo gitaa kwanza."

Nikampakia kwenye pikipiki tukaenda. Kabla hatujaingia kijijini aliniamuru nisimame, akanipa masharti yake. Nifunge uso. Nisiguse kitu mpaka yeye aguse. Na kubwa zaidi, nisisifu. Aba hajawahi kusifu mnyama mbele ya mwenyewe, kwanza kwa sababu ya bei, na pili kwa sababu jicho la binadamu halina adabu. Ukisifu ndama leo, kesho amelala chini miguu juu. Hata ng'ombe wake mwenyewe alikuwa akiwaita vikongoro, mifupa mitupu. Hata sisi watoto wake, ukitaka kujua. Nikamjibu sawa, nikitumaini kwamba mambo ya sokoni yatafaa na huku.

Mwenye gitaa alitupokea vizuri. Mkewe alileta chai ya maziwa, tukaulizana habari za mvua na za mto. Kisha akatoa sanduku refu jeusi, akaliweka mezani, akalifungua. Sitaeleza sana. Ilikuwa ya mbao ya kahawia iliyoiva, isiyopakwa rangi, na mishipa ya mti ilionekana yote. Nilifunga uso kama nilivyoagizwa, na ndani nilikuwa nimekwisha.

Aba alianza na maswali yake ya kawaida. Imezaliwa wapi. Imekaa kwako miaka mingapi. Kabla yako ilikuwa ya nani. Mbona unauza. Mwenye gitaa alifurahi, kwa sababu inaonekana hakuna aliyewahi kumwuliza maswali mazuri namna ile, na akayajibu yote kwa kirefu, na mkono wake wenye vifundo ukiwa juu ya besi muda wote.

Ndipo Aba akaingia kazini.

"Hii iko na kovu hapa," alisema akionyesha alama ndogo ukingoni. "Shingo refu sana. Na iko nzito, mtu akibeba hii atapata kibiongo. Na uzi ya tano ni ya nini? Zingine ziko na nne na zinalia tu."

Kwa mtu wa sokoni, maneno yale ni heshima. Mnunuzi asiyetoa kasoro hana nia ya kununua; anapitisha muda. Lakini mwenye gitaa hakuwa mtu wa sokoni. Nilimwona uso ukimfungika taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga sanduku, akabana vifungo vyake kimoja kimoja.

"Mzee, nashukuru kwa kunitembelea," alisema. "Lakini siuzi."

Aba alinitupia jicho la furaha. Kwake yeye siuzi ndiyo mlango wa biashara. Akainuka, akatikisa shuka yake, akaaga, na kunishika kiwiko tutoke. Nje akaanza kutembea polepole, ule mwendo wa mnunuzi anayengoja kuitwa.

"Usigeuke," aliniambia chinichini. "Ataita."

Tulipita kuku. Tukapita tangi la maji. Aba akasimama kurekebisha kiatu ambacho hakikuwa na tatizo lolote, kumpa mtu yule nafasi. Hakuna aliyeita. Tukafika kwenye pikipiki, akasimama kurekebisha cha pili. Nyuma yetu nilisikia mlango wa chumba cha ndani ukifungwa kwa kufuli, na nikaelewa kwamba kule ndani hakuna anayefanya biashara. Besi inarudishwa mahali pake, na Jumamosi vijana wa Nairobi wanakuja.

"Aba," nilisema, "huyu haiti."

"Ataita."

"Aba, umemuumiza."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia maji ya Tana yanapanda kwenda Hola. Sikungoja. Nikamwacha hapo na kiatu chake, nikarudi ndani peke yangu.

Nilimkuta mwenye gitaa amesimama na ufunguo mkononi. Nikamwambia yote. Kwamba baba yangu ni dalali wa ng'ombe na vile ndivyo anavyozungumza akipenda kitu. Kwamba kwangu mimi ile besi ni nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kwa macho yangu. Kwamba kovu lile nalipenda, maana linaonyesha ilipigwa, haikutundikwa ukutani. Maneno yalinitoka bila mpangilio. Sikuwa nimezoea kusifu, na mtu asiyezoea husifu vibaya, anarudiarudia. Nilisema "nzuri" labda mara nane.

Yeye alisogea karibu. Aliutazama mkono wangu wa kushoto, ncha za vidole, pale ngozi ilipokuwa ngumu. Kisha akafungua mlango, akalitoa sanduku, akachomeka waya kwenye amplifaya ndogo.

"Piga," alisema.

Nikaivaa, nikauanzia uzi wa tano. Vijiko vikacheza kwenye sinia. Mabati ya paa yakaitika. Nilipiga kitu changu mwenyewe, cha polepole, chenye noti chache zinazorudi na kurudi na kila mara zinashuka zaidi, kama tunavyopiga sisi wa muziki huu. Nilikuwa nimekitunga chumbani kwangu Garsen, nikiwa na vifaa vya masikioni, kwa sababu tunaishi boma moja na Aba na sikutaka kumkosea heshima. Hakuwahi kunikataza. Aliuita "zile kelele," basi.

Nilipoinua macho, Aba alikuwa amesimama mlangoni. Kiganja chake kilikuwa juu ya ukuta wa bati, kimetulia pale, kama mtu anayepima tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Niliacha kupiga.

"Hii inatoka kwa ile uzi ya tano?" aliuliza.

"Ndiyo, Aba."

"Basi iko na kazi."

Mwenye gitaa akacheka, na nadhani ndipo nilipoipata. Aliniuzia kwa bei ileile aliyoiandika, nimlipe fahali wakishauzwa, na amplifaya akaniongezea bure, maana yeye ataifanyia nini. Mkewe akamwaga chai nyingine. Wakati wa kuondoka Aba alifungua sanduku tena, akauchomoa mkanda wa begani, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

"Mimi sichukui kamba ya mtu," alimwambia. "Mnyama akienda, kamba inabaki kwa mwenyewe."

Mwenye gitaa aliushika mkanda wake uliochakaa, akauzungusha mkononi. Alitusindikiza mpaka kwenye pikipiki akiwa nao.

Basi nikawa na besi bora kuliko zote katika kaunti na sina mkanda wa kuitundika begani. Wiki nzima nilipiga nimekaa kitandani. Ijumaa, baada ya kurudi msikitini, nilimkuta Aba ameketi kivulini mbele ya chumba changu na ukanda wa ngozi ya fahali alioulainisha kwa samli, kisu, na msumari mkubwa. Akaniita nije na gitaa apime.

"Simama vile unasimama ukipiga."

Nikasimama. Besi ikashuka mapajani, karibu na goti, ndivyo tunavyopenda. Yeye alivumilia.

"Chini hivi?"

"Hapo hapo, Aba."

Akatia alama kwa ukucha, akaanza kutoboa. "Wewe unapiga miaka ngapi sasa?"

"Kumi na sita."

"Na nani anasikianga?"

"Hakuna. Mimi tu."

Alizungusha msumari taratibu mpaka tundu likapita upande wa pili. Akapuliza vumbi la ngozi, akaufunga mkanda kwenye gitaa, akaukaza begani kwangu, akaujaribu kwa kuuvuta mara mbili. Ulishika. Kisha akaniuliza kama ile mashine ya sauti inatumia stima. Nikamwambia ndiyo, na stima ipo.

Akakiinua kiti chake, akakisogeza mpaka mlangoni pangu, akaketi.

"Ijumaa imeswaliwa, na alasiri bado iko mbali," alisema. "Fungua mlango."